Tanganyika: Samaki wa Bemba na Moba wanaougua ndani ya vioo, dawa yao ya kwanza ni maji

Samaki anayeanza kuugua anajitenga. Wenzake wanapopanda juu kugombania chakula, yeye anabaki nyuma ya jiwe. Anakaribia chakula, anakitia kinywani, kisha anakitema. Siku inayofuata haendi tena. Kinyesi chake kinakuwa cheupe na kirefu kama uzi. Anapumua haraka haraka. Halafu tumbo linavimba, na mara nyingi, mbele ya juma kwisha, mwenye kumfuga anamkuta amelala chini, amekufa.

Mambo haya yanajulikana sana na watu wanaofuga samaki nyumbani huko Ujerumani, Ubelgiji, Marekani ao Ujapani. Lakini samaki mwenyewe hakuzaliwa na maji ya huko. Wataalamu wanamwita Tropheus, na duniani kote hana kwao kwingine isipokuwa ziwa Tanganyika, kwenye mawe ya kando ya Congo, Burundi, Tanzania na Zambia. Watoto wanaooga kando ya ziwa huko Fizi, Kalemie ao Moba wanampita kila siku bila kumjali, kwa sababu ni mdogo na hatoshi kwenye sufuria.

Mbali na hapa, samaki huyo anauguzwa kama mgonjwa wa hospitali: anapimiwa maji, anatengewa chumba, anapewa dawa. Na wanaofaulu kumponya wote wamejifunza jambo moja: ugonjwa wake hautoki kwanza ndani ya tumbo. Unatoka katika tofauti kati ya sanduku la vioo na ziwa alimotoka.

Majina ya vijiji katika maduka ya Ulaya

Kwa wakaaji wa kando ya ziwa, samaki ni kwanza ndagala, mikebuka na sangala, yaani chakula na pesa ya kila siku. Samaki wa mawe, wenye urefu wa sentimeta 12 hivi, wana hadithi nyingine.

Mwingereza J. E. S. Moore alikusanya viumbe vya Tanganyika katika safari zake za mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1898, mtaalamu Boulenger alimwandika samaki mmoja wa mawe na kumpa jina la Moore: Tropheus moorii. Mwaka 1959, Georges Marlier, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Uvira, alimwandika mwingine: Tropheus duboisi. Watoto wa samaki huyo ni weusi wenye madoadoa meupe kama nyota. Wanapokomaa, kichwa kinakuwa na rangi ya buluu na mwili unavaa mkanda mweupe ao wa manjano.

Biashara yenyewe ilichukua nguvu baadaye. Mbelgiji Pierre Brichard, ambaye kwanza alikuwa akisafirisha samaki wa mto Congo kutoka Kinshasa, alihamia Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuanza kupeleka samaki wa Tanganyika inchi za ngambo. Tangu hapo, wapiga mbizi wa inchi nne za ziwa wamekuwa wakishuka na nyavu ndogo kuwakamata wakiwa hai.

Wanunuzi hawaulizi tu jina la samaki. Wanauliza alitoka kijiji gani. Tropheus haogelei mbali. Akikuta mchanga mrefu ao maji marefu kati ya mawe na mawe, hapiti. Ndiyo maana kila kipande cha pwani kina samaki wake wenye rangi yao, na aina za rangi zinazojulikana zinapita mia moja. Yule wa Bemba ni mweusi mwenye mkanda wa rangi ya machungwa. Samaki mwingine, Cyphotilapia, mkubwa na mwenye nundu kwenye paji la uso, anauzwa ngambo kwa jina la «Blue Zaire», likifuatwa na jina la kijiji: Moba ao Kapampa. Inchi iliacha jina la Zaire mwaka 1997, lakini katika maduka ya samaki jina hilo lingali hai.

Tropheus aliyekomaa na aliyekamatwa ziwani anauzwa Ulaya kwa makumi ya euro. Cyphotilapia mkubwa wa «Blue Zaire» anaweza kupita euro 100. Kufa kwa kundi la samaki ishirini si hasara ndogo kwa mwenye nyumba. Ni hasara kwa ziwa pia, sababu kila aliyekufa anaweza kufanya mwingine akamatwe mahali pake.

Maji yanayofanana na maji ya majivu

Kwa kufahamu ugonjwa, inafaa kuanza na maji.

Maji ya Tanganyika si kama maji ya mvua wala ya mto wa mlimani. Yamebeba chumvi nyingi za mawe, zaidi sana magnesi na bikarbonati. Wataalamu wanapima uchachu wa maji kwa kipimo kinachoitwa pH: 7 ni katikati, chini ya 7 maji ni machachu, juu ya 7 yanaelekea upande wa maji ya majivu. Tanganyika iko karibu na 9. Joto la maji ya juu linacheza kati ya digrii 24 na 29, na halibadiliki ghafula. Kwenye mawe ya kando, mawimbi yanatia hewa ndani ya maji usiku na mchana.

Hapo ndipo Tropheus anaishi, katika mita chache za kwanza, penye mwangaza. Kazi yake kutoka asubuhi mpaka jioni ni kukwangua mwani, ule utelezi wa kijani unaoshika mawe. Ni chakula chenye nguvu kidogo, kwa hiyo anakula mara nyingi sana, na utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake. Anaishi kati ya wenzake wengi, lakini kila dume analinda mawe yake kwa ukali.

Katika nyumba ya Ulaya, maji ya robine mara nyingi ni mepesi kuliko ya ziwa, tena yana klore, dawa ileile ambayo wakaaji wa Uvira wanaijua kwa sababu inatiwa ndani ya maji ili kupigana na kolera. Klore inalinda mtu, lakini inaunguza mashavu ya samaki. Mfugaji mwenye akili anaondoa klore kwanza, kisha anarudisha chumvi: bikarbonati, ileile ya wapishi wa mikate, na chumvi ya magnesi. Anapima pH mbele ya kununua samaki, si baada ya kuwaona wanakufa.

Njia nne za kuingia katika ugonjwa

Wafugaji wa muda mrefu wanautaja ugonjwa huu kwa neno moja: kuvimba. Wataalamu bado wanabishana juu ya chanzo chake. Wengi wanaona vijidudu vinavyoishi ndani ya utumbo. Samaki mzima anaweza kuvibeba bila kuumwa, lakini akiregea, vinazaana na kumshinda. Swali la maana ni hili: ni nini kilimregeza?

Njia ya kwanza ni safari. Samaki anawekwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni, ndani ya sanduku lisilopitisha joto ao baridi. Mbele ya safari ananyimwa chakula siku chache ili asichafue maji. Hata hivyo anatoa amonia, sumu inayotoka kwenye mashavu na kinyesi chake. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi yake inashusha pH, na amonia haina ukali mwingi. Mfuko ukifunguliwa, hewa ile inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka kuwa sumu kali. Mtu anayefungua mfuko na kumwacha samaki humo kwa saa nyingi «ili azoee» anaweza kumuua kwa huruma yake. Inafaa kulinganisha joto mfuko ukiwa umefungwa, kisha kumtoa samaki upesi na kumwaga maji ya safari.

Kwa wale wanaoishi mbali chini, kama Cyphotilapia, safari inaanza kwa hatari nyingine. Ndani ya mwili wake kuna mfuko wa hewa unaomsaidia kuelea. Akitolewa mita 30 na kupandishwa mara moja, hewa ile inatanuka na kusukuma matumbo. Wapiga mbizi wenye uzoefu wanampandisha kidogo kidogo, akikaa siku kadhaa ndani ya kizimba kwenye kila ngazi. Mwenye haraka anatoboa mfuko wa hewa kwa shindano. Samaki anafika juu akiwa hai, lakini na kidonda ambacho mnunuzi hakioni.

Njia ya pili ni chakula. Mtu anayempenda samaki wake anataka kumpa vitu vitamu: nyama, minyoo, chakula chenye mafuta. Kwa samaki mwenye utumbo mfupi si neno. Kwa Tropheus, chakula hicho kinakaa ndani ya utumbo mrefu na kuoza. Anahitaji vitu vya kijani, kama unga wa spirulina na majani laini, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku.

Njia ya tatu ni ugomvi. Ziwani, anayepigwa anakimbia. Ndani ya vioo hana pa kukimbilia. Wafugaji waligundua jambo linaloshangaza: Tropheus watano wanauana, lakini ishirini wanapatana. Wakiwa wengi, ukali wa dume mkubwa unagawanywa kwa wote na hakuna anayepigwa peke yake mpaka afe. Lakini wengi wanahitaji nafasi: sanduku la lita 300 ao zaidi, na mawe mengi ya kujificha.

Njia ya ine ni uchafu usioonekana. Maji yanaweza kuwa safi kwa macho na kubeba sumu. Ndani ya chujio kunaishi vijidudu vyema vinavyogeuza amonia kuwa kitu kisicho na hatari sana, lakini vinahitaji majuma kadhaa ili viwe vingi. Anayenunua sanduku Jumamosi na samaki Jumapili hajavipa wakati. Na kwa sababu maji ya Tanganyika yana pH ya juu, amonia kidogo tu inaumiza kuliko katika maji mengine.

Kumuuguza: maji, njaa, kisha dawa

Siku samaki anapotema chakula, mfugaji wa mara ya kwanza anakimbilia dawa. Mwenye uzoefu anakimbilia ndoo.

Anapima maji kwanza. Halafu anabadilisha theluthi moja, hata nusu, kwa maji mapya yenye joto lilelile na chumvi zilezile, bila klore. Maji yenye tofauti kubwa yangekuwa pigo la pili kwa mgonjwa. Anaongeza hewa. Anafunga chakula siku mbili ao tatu kwa kundi lote. Samaki wazima hawataumia, na utumbo ulioanza kuziba unapata nafasi ya kujisafisha. Chumvi ya magnesi, ikitiwa kwa kipimo, inasaidia utumbo kufunguka.

Kisha anakaa mbele ya kioo na kuangalia. Nani anampiga nani? Mara nyingi mgonjwa ni yule aliyekuwa akifukuzwa kwa majuma mengi bila mtu kuona.

Swali linalofuata ni gumu: kumtenga ao kumwacha? Akitengwa ndani ya sanduku dogo lenye maji ya joto, hewa na giza kidogo, anapumzika, na dawa inamfikia vizuri. Lakini Tropheus aliyetoka kundini kwa siku nyingi anarudi kama mgeni, na wenzake wanaweza kumshambulia. Kuna wanaochagua kutibu kundi zima mahali pake, kwa sababu mmoja akionyesha dalili, huenda wengine wako njiani. Kuna wanaomtenga na, siku ya kumrudisha, wanahamisha mawe yote. Mipaka ikivunjika, kila dume anakuwa na shuguli ya kutafuta nyumba mpya, na hakuna mwenye wakati wa kumkumbuka aliyerudi.

Dawa inayotumiwa zaidi ni metronidazoli, ileile ambayo watu wengi hapa Congo wanaijua juu ya ugonjwa wa amiba. Samaki akiwa bado anakula, inachanganywa na chakula ili ifike ndani ya utumbo penye vijidudu. Akiwa amekwisha kukataa chakula, inabaki kuitia ndani ya maji, na hapo nguvu yake inapunguka. Kama chujio lina makaa, yanatolewa kwanza, sababu makaa yanakunywa dawa mbele ya samaki kuipata. Kipimo kinategemea lita za maji, na ni kazi ya kumwuliza daktari wa mifugo, si ya kukisia. Dawa kidogo mno inafundisha vijidudu kuivumilia. Dawa nyingi mno inaua mgonjwa aliyekwisha kuregea.

Wanaopona ni wale walioonekana mapema, siku ya kwanza ao ya pili. Tumbo likisha kuvimba, wachache wanarudi. Ndiyo maana wafugaji wazuri wanafanya kazi yao kubwa wakati hakuna mgonjwa: kila juma wanabadilisha sehemu ya maji, wanatoa uchafu, wanapima, wanahesabu samaki wakati wa kula. Mmoja akikosekana kwenye chakula, wanajua siku ileile.

Kuna faida nyingine ya kumtunza vizuri. Samaki mzima anazaa. Mama Tropheus anabeba mayai machache tu, mara nyingi hayafiki ishirini, ndani ya kinywa chake kwa karibu majuma ine, mpaka watoto waweze kuogelea. Aina nyingi za Tanganyika sasa zinazalishwa ndani ya masanduku huko Ulaya. Kila mtoto aliyezaliwa humo na kuuzwa anaweza kuacha mmoja kwenye mawe yake huku. Na kwa mama anayezaa wachache namna hiyo, kipande cha pwani kilichokamatwa samaki wengi hakijazi nafasi upesi. Wenzao wa kijiji jirani hawaji kuijaza, kwa sababu hawavuki mchanga.

Ziwa halina mtu wa kulibadilishia maji

Mambo yale manne yanayomwangusha samaki ndani ya vioo yana ndugu zao ndani ya ziwa lenyewe.

Mahali vilima vya kando vimekatwa miti, mvua inashusha udongo. Udongo unafunika mawe, unaziba nafasi za kujificha na kuua mwani. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1993 walilinganisha sehemu mbalimbali za kaskazini ya Tanganyika na kukuta aina chache za samaki pale udongo unapoingia kwa wingi. Wakaaji wa Uvira hawahitaji kusoma utafiti ili kujua nguvu ya udongo huo: mwezi wa ine 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na mawe na kuua makumi ya watu. Maji yaliyopita ndani ya mitaa yaliishia ziwani.

Joto pia linabadilika. Mwaka 2003, watafiti walionyesha kwamba kupanda kwa joto kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini. Chakula cha samaki wadogo kinatoka katika mchanganyiko huo, na walikadiria kwamba uzazi wa mimea midogo ya ziwa ulipunguka kwa karibu asilimia 20. Jambo hilo halimgusi Tropheus peke yake. Linagusa ndagala, na kwa hiyo linagusa sahani ya kila nyumba kutoka Uvira mpaka Moba.

Mwaka huohuo wa 2003, Congo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kulinda ziwa kwa pamoja. Karibu asilimia 45 ya ziwa iko upande wa Congo, sehemu kubwa kuliko ya kila jirani. Uvira ina kituo chake cha utafiti wa maji, mulemule ambamo Marlier alifanya kazi zaidi ya miaka sitini iliyopita. Kwa hiyo maarifa juu ya samaki hawa hayatoki ngambo tu. Yalianzia hapa.

Mfugaji wa Ulaya ana njia moja ambayo ziwa halina. Akiona samaki wake anatema chakula, anachukua ndoo, anatoa maji mabaya na kuweka mazuri, na kwa muda wa saa moja sanduku lake limekuwa jipya. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na maji yake mengi hayatoki kwa mto bali yanapanda kama mvuke na kuacha nyuma yale yaliyoingia nayo. Wataalamu wanahesabu maelfu ya miaka ili maji yote ya ziwa yatoke kwa mlango ule.

Kinachotupwa leo kando ya Uvira, Baraka ao Kalemie hakiendi mahali. Kinabaki pamoja na samaki, na pamoja na wanaochota maji yale kwa mabidoni kila asubuhi.